Dirisha Alilolifungua Mrunal

Kazi ya Mrunal Gadgil ilikuwa kuingia kwenye kompyuta za watu bila hodi. Programu mpya ikija, aliifunga pamoja na skripti, yaani mlolongo wa amri alizoziandika mwenyewe, kisha akaituma ikajisakinishe kwenye mashine za wateja. Hakuna dirisha linalofunguka wala kitufe cha kubonyeza. Mtu anaendelea na shughuli zake, hajui lolote.

Safari hii mteja alikuwa hospitali ya macho katika mji wa Solapur, na programu yenyewe ililazimu kila kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Kwa hiyo Mrunal aliweka mstari mmoja: kama kuna mtu anaitumia mashine, subiri amalize.

"Utoe huo mstari," bosi wake, Deodhar, alimwambia. "Nimewaahidi kazi itaisha mchana huu. Tukisubiri kila nesi amalize, tutakesha."

"Siutoi, bosi. Pale wanapasua macho ya watu."

"Siku hizi umekuwa daktari?"

Mrunal akachukua chakula chake akaenda kula. Aliporudi, vidole bado vinanuka kitunguu saumu, simu za ofisi nzima zilikuwa zinalia. Kumbe huku nyuma Deodhar aliketi kwenye kiti cha Mrunal, akaufuta ule mstari kwa mkono wake mwenyewe, akaituma programu. Ketaki, rafiki wa Mrunal wa meza ya jirani, aliona yote, naye ndiye aliyemnong'oneza Mrunal.

Solapur kompyuta zilizimika zote kwa mpigo, na zilipowaka zikakwama kwenye programu mpya. Wagonjwa waliokwisha kutiwa dawa ya kupanua mboni walibaki barazani, hawaoni vizuri, hakuna ajuaye zamu ni ya nani. Bibi mmoja aliyekwisha kulazwa atolewe mtoto wa jicho aliteremshwa kitandani, maana vipimo vya lenzi yake vilikuwa havijahifadhiwa. Akaambiwa apande basi arudi kijijini, aje siku nyingine.

"Nani kafanya upuuzi huu?" Daktari Phadnis wa hospitali aliwaka kwenye spika ya simu, wao watatu wameizunguka.

"Skripti ni ya Mrunal, Madamu," Deodhar akajibu kwa upole. "Tutamchukulia hatua."

Mrunal aliinamia simu. "Ni yangu, Daktari, lakini ilikuwa na amri ya kusubiri. Deodhar kaifuta mimi nakula. Ketaki alikuwepo. Ketaki, sema!"

Ketaki alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Mimi nilikuwa na kazi zangu. Sikuona vizuri."

"Sijali kafanya nani," daktari akasema. "Nirudishieni mashine zangu."

Wa kuzirudisha alikuwa Mrunal. Aliandika huku anazitwanga herufi. Skripti ya kuondoa programu ilipokamilika akaituma, ila haikwenda kimya. Kila skrini kule Solapur ilifunguka dirisha lenye ujumbe wa Kimarathi, lugha ya huko: "Kompyuta yako ilizimwa ukiwa kazini kwa sababu msimamizi wetu alifuta amri ya kusubiri, baada ya kuambiwa asiifute. Tuwie radhi. Ukimaliza na mgonjwa wako, bonyeza hapa, mashine irudi ilivyokuwa."

Mashine zilirudi moja moja. Deodhar akaja mbio.

"Umeandika nini kwenye skrini za mteja? Una wazimu?"

"Nimeandika ulichofanya. Nionyeshe neno la uongo."

"Toka! Kitambulisho acha mezani!"

Mrunal alikitupa, kikagonga kikombe cha Ketaki, chai ikamwagika.

Ketaki alimfuata hadi kwenye lifti. "Dada, nina mtoto, nina mkopo wa nyumba. Si unanielewa?"

"Nakuelewa sana. Hilo ndilo linaloniudhi."

Deodhar yupo palepale mpaka leo, na hospitali haikuihama kampuni. Mrunal anafanya kazi ileile kwenye kiwanda cha vipuri huko Chakan. Kila Diwali Ketaki humtumia salamu. Yeye huzisoma mpaka mwisho, halafu hajibu.