Shangazi Arudie Kula Mkate

Shangazi yangu ni mwokaji mikate, na tumbo limemtesa tangu usichana. Madaktari walimpa dawa za minyoo, kisha za vidonda vya tumbo, mwisho wakasema ni mawazo. Mawazo gani humharisha mtu miaka yote hiyo?

Binti wa tajiri wake alipougua vivyo hivyo, alipimwa damu wiki ileile: ngano ndiyo inayomdhuru. Shangazi akaacha mkate, akapata nafuu, akaenda kuomba kipimo hicho.

“Ugonjwa huo si wa watu kama nyinyi, mama,” daktari alisema, kisha akakubali kwa shingo upande. “Lakini kwanza rudia kula mkate wiki kadhaa, la sivyo damu haitaonyesha kitu.”

“Yaani niugue tena ndipo mniamini?”

Jioni alichukua mkate aliouoka mwenyewe, akavuta kiti karibu na mlango wa choo, akaanza kutafuna.