Gari Lisilodondosha Maji

Kwa muda mrefu gari letu lilikuwa na sifa moja ambayo mume wangu alipenda kuitaja mbele ya wageni: halivuji. Hapa Voi magari ya watu yakiegeshwa mchana hudondosha maji chini, na haupiti muda kuku wa jirani wanakuja kunywa. Letu lilisimama pakavu na likapaacha pakavu. "Angalia," mume wangu alikuwa akisema, akiinama kuonyesha mchanga mwekundu chini ya injini, "hata tone." Nami nilikuwa nikiitikia kwa fahari, ingawa sikujua hayo maji ya wengine yanatoka wapi. Nilijua tu kwamba kitu kinachovuja kimeharibika.

Maji hayo nitayarudia. Kwanza nimseme mama yangu, maana bila yeye tungekuwa bado tunajisifu mpaka leo.

Mama anaishi Mghange, juu milimani, peke yake tangu baba atutoke. Kule mwezi wa sita ukifika ukungu unaingia mlangoni bila hodi na kukaa mpaka mwezi wa nane. Nguo hazikauki, kuni zinalia motoni, na kifua cha mama kinaanza kazi yake. Mwaka uliotangulia alikohoa hadi daktari akamwambia waziwazi kwamba kila msimu wa baridi ashuke akakae mahali penye joto. Kabla hajamaliza sentensi nilishasema, "Ana binti Voi." Nikarudi nyumbani nikasafisha chumba cha nyuma, nikashona pazia jipya, nikanunua blanketi jepesi. Nilikuwa na furaha ya mtu anayejiandaa kupokea mgeni wa heshima, na mgeni mwenyewe ni mamake.

Pasaka tulikwenda kumchukua aje akione chumba. Mume wangu aliendesha, mimi na mama tukakaa nyuma. Kwetu mama mkwe na mkwe wana adabu zao. Hawakai bega kwa bega, hawataniani, na mama hawezi kumwambia mkwe wake jambo la kumwaibisha, wala mkwe kumwambia mama. Kwa hiyo safari ilikuwa ya kimya cha heshima, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma. Tulipofika Mraru, Voi ikiwa imeshakaribia, mama akaomba tusimame anyooshe miguu. Alisimama kando ya barabara ametupa kisogo, leso mdomoni, akiangalia kilima kwa muda mrefu. Nilidhani anaomba Mungu.

Nyumbani hakula. Alikisifu chumba, akalisifu pazia, akalala. Keshokutwa yake akasema anarudi kwake, na akapanda matatu asimsumbue mkwe.

Mwezi wa tano nikaanza kumpigia simu. "Mama, tuje lini?" Mara kuku wanaatamia. Mara akina mama wa kanisa wana mkutano. Mara maharagwe hayajavunwa. Mimi nina hasira za karibu, na siku ya maharagwe zikafika. "Kwani nyumba yangu ina nini?" nikang'aka. Simu ikakatika. Sijui kama ni yeye aliyekata au ni mtandao wa milimani, lakini nilinuna siku nzima. Niliumia, na sioni haya kusema hivyo. Niliwaza labda hapendi ninavyopika. Nikawaza hata rangi ya pazia.

Ukungu ulipoanza nilishindwa kuvumilia, nikapanda kwenda Mghange mwenyewe. Mume wangu alikuwa na gari kikazi huko Taveta, hivyo nilitumia matatu. Nikamkuta mama jikoni. Alinikumbatia, akaegemeza uso begani kwangu, kisha akarudi nyuma kidogo na kunitazama.

"Leo umekuja na matatu," akasema.

"Umejuaje?"

"Hunuki."

Nilikaa chini. Mama akamimina chai, akakohoa mpaka akashika ukingo wa meza, halafu akanieleza yote, taratibu, kama anayetoa habari za msiba. Gari yetu inanuka. Inanuka vibaya. Siku ile ya Pasaka, kile kiupepo cha baridi kilimpiga usoni tangu Wundanyi, tumbo likapanda mpaka kooni, na pale Mraru hakuwa ananyoosha miguu wala kuomba.

"Si ungesema tu tufungue madirisha!"

"Niseme mbele ya mkwe wangu? Kwamba gari yake inanuka?" Alinitazama kama vile ni mimi niliyelelewa vibaya, na aliyenilea ni yeye. "Na nikitapika humo ndani, huyo mtu ataniangaliaje tena? Heri nikae na kikohozi changu huku."

"Basi shuka na matatu."

"Na akija kunichukua na gari, nimkatalie? Atajua." Kisha akaninyooshea kidole. "Na ukimwambia nimesema, kwako sikanyagi."

Nilishuka mlimani na kazi mbili zilizopingana: kuuondoa uvundo garini kabla baridi haijamharibu mama kifua, na kumficha mwenye gari sababu. Nyumbani niliingia garini nikanusa kwa nguvu. Kusema kweli sikusikia kitu cha ajabu. Pua ilikuwa imezoea. Ilinibidi nikae siku ya pili asubuhi, nimetoka kunusa hewa safi ya nje, ndipo nikausikia, na nikashangaa tulivyokuwa tukiishi.

Nilianza kama mjinga. Nilining'iniza kile kikadi cha marashi kwenye kioo, gari likanuka uvundo uliovaa marashi. Niliweka malimau yaliyokatwa. Niliweka kahawa kwenye kisahani. Niliweka makaa kwenye sufuria chini ya kiti, kwa kuwa nilisikia makaa hunyonya harufu, na tuta la kwanza likayamwaga yote kwenye suruali ya kazi ya mume wangu.

"Mama watoto," akasema, akijipangusa, "hili gari unataka kulipika?"

"Linanuka."

Aliangalia mbele barabarani. "Mimi sisikii kitu."

Alisema haraka mno, lakini siku ile sikulitia maanani. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huwa sioni pembeni.

Hasira hiyo hiyo ndiyo iliyonisaidia. Jumamosi moja nilijifungia ndani ya gari nikaamua sitoki mpaka nijue. Niliacha feni imezimwa: hakuna kitu. Nikawasha feni, na baada ya pumzi moja hivi uvundo ukaja, moja kwa moja kutoka kwenye matundu ya hewa. Nilipouacha unijie usoni niliutambua. Nilisoma shule ya bweni huko juu, na wakati wa ukungu magodoro yetu yalinuka hivyo hivyo. Kwa hiyo hakikuwa kitu kilichooza. Kilikuwa kitu kilicholowa na kikanyimwa hewa.

Nikaangalia vitufe. Kuna kimoja chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake, na taa yake ilikuwa inawaka. Tulikibonyeza siku tuliyolileta gari nyumbani, ili vumbi jekundu lisiingie, na hakuna aliyewahi kukigusa tena. Kila mtu hapa hufanya hivyo. Kumbe miaka yote tulikuwa tukivuta hewa ile ile tuliyokwisha kuitumia, na pumzi zetu, na majasho yetu, inazunguka tu. Nikainama kugusa zulia upande wa abiria wa mbele, pale tunapowekaga mzigo wa mboga anaotufungia mama tukipanda kumsalimia. Lilikuwa limelowa chapachapa, na gari halikuwa limepanda Mghange tangu Pasaka.

Nikalipeleka gari kwa fundi, karibu na soko. Nilimweleza. Akasikiliza, akifuta mikono.

"Inadondosha maji chini?" akauliza.

"Hata tone," nikajibu, kwa ile fahari yetu ya nyumbani.

"Na AC mnawasha?"

"Kila siku. Hii ni Voi."

"Sasa maji inaenda wapi?"

Akanieleza kwamba kile kibaridi, yaani kifaa cha kupoza hewa kilicho nyuma ya dashibodi, hutoa jasho, sawa na chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho hilo lina bomba lake la kulitoa nje. Gari linalodondosha maji ni zima. Niliwaza wageni wote tuliowainamisha kuangalia mchanga mkavu, nikatamani nami kuinama, ila nisiinuke.

Alijilaza chini ya gari na waya. Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na udongo mkavu, umesawazishwa vizuri kama ukuta uliokandikwa: nyigu alikuwa amejenga nyumba humo. Fundi akaitoboa. Maji yakafyatuka, ya kahawia, yakammwagikia mkono mpaka kwapani, na uvundo wote ukatoka hadharani kwa mara moja. Hata muuza ndizi aliyekuwa ng'ambo alisogeza karai lake.

Wakati huo huo nikamwona mume wangu anakuja kwa miguu. Alikuwa amenipigia simu sijashika, akaja kunitafuta upande wa soko. Alisimama, akaangalia maji yanavyotiririka kutoka chini ya gari lake lisilovuja.

Fundi alifungua nyuma ya kisanduku cha mbele akatoa chujio la hewa. Lilipaswa kuwa jeupe. Lilikuwa tofali la vumbi jekundu lililoshikana na unyevu, na vijani vya dania vimekwama juu yake. Akalitupa, akaweka jipya. Akapuliza povu la kusafishia kwenye kibaridi, tukasubiri, nalo likashuka kupitia bomba likiwa jeusi, akarudia mpaka likashuka jeupe. Zulia tulilivua tukalitandaza kwenye mawe. Jua la Voi nalilaani karibu kila siku, lakini siku ile nililishukuru, maana kabla ya jioni zulia lilikuwa kavu kama mkate wa jana.

Tukiwa tumekaa juu ya tairi kuukuu tukisubiri, mume wangu akakohoa kidogo.

"Mimi nilidhani ni mboga," akasema.

"Mboga gani?"

"Za mama." Aliangalia viatu vyake. "Si huwa anazifunga zimelowa, ndio zisinyauke? Nikadhani maji yake ndiyo yameingia humo yakaoza. Nimeisikia hiyo harufu kitambo sana."

"Na ukaniambia husikii kitu!"

"Sasa ningesemaje? Mama mkwe anipe mboga, niseme zinanuka?"

Nilicheka mpaka fundi akachungulia kutoka chini ya gari. Watu wawili wenye adabu, kila mmoja kaziba pua kwa heshima ya mwenzake, na katikati yao nyigu anajenga. Nilitamani sana kumwambia upande wa pili wa habari. Nikameza maneno, kwa sababu nilikuwa nimeonywa, na kwa sababu nilimtaka mama nyumbani kwangu kuliko nilivyoutaka utani huo.

Fundi alituachia sharti moja: tukikaribia kufika tuzime ubaridi na kuiacha feni ipulize, ndani kukauke, na pasipo na vumbi tuiruhusu hewa ya nje iingie. Tukakubaliana kwamba tukitoka milimani tutauzimia Mraru.

Jumapili iliyofuata tukapanda kumchukua. Safari hii sikumuuliza kwa simu kama anataka; nilimwambia tu gari limepona, ajiandae. Mama alitoka na begi dogo na furushi la mboga, akaja mpaka kwenye mlango wa gari nilioufungua, akasimama. Akainamisha kichwa ndani kana kwamba anatafuta mahali pa kukaa. Niliona mbawa za pua yake zikisogea. Mume wangu alikaza macho kwenye usukani.

Mama akaingia, akakaa, akaweka leso magotini.

Tulishuka. Wundanyi tukaipita, Mwatate tukaipita, kikohozi kikimjia na kupungua kadiri ukungu ulivyobaki nyuma. Tulipofika Mraru mume wangu alipunguza mwendo, akanyoosha mkono akazima ubaridi.

"Mama," akauliza bila kugeuka, "tusimame unyooshe miguu?"

Mpaka leo sijui alijua kiasi gani.

"Ya nini?" mama akajibu. "Miguu iko sawa. Twende."

Uani kwetu, gari lilipozimwa, maji yaliyosalia kwenye bomba yakaanza kudondoka chini yake, tone kwa tone. Mama akashuka akayaona, akashtuka. Akanivuta mkono, lakini hakuninong'oneza, ingawa mkwe wake alikuwa karibu. Labda alisahau.

"Hii gari yenu inavuja," akasema.

"Ndiyo, mama," mume wangu akajibu, amejinyoosha, fahari yake ile ile ya zamani usoni. "Siku hizi inavuja."

Mama akaniomba kopo. Maji ya mfereji hapa huja yakipenda, naye hawezi kuona maji yanapotea bure. Akaliweka chini ya matone, kuku wa jirani wakabaki wanaangalia. Kisha akafungua furushi, na chini ya mboga kulikuwa na kitu kingine kilichofungwa kwenye jani la mgomba: miche ya mnavu, mizizi yake bado imeshika udongo mweusi wa Mghange. Akachimba kando ya ukuta, chini ya dirisha lenye lile pazia langu, akaipanda mmoja mmoja, akainywesha kwa maji ya kopo.

"Mama, hiyo itaanza kulika lini?" nikauliza.

"Hiyo bado sana," akasema, akipangusa mikono. "Tutangoja tu. Nitakuwa hapa."

Nikaingia ndani kutafuta kopo kubwa zaidi.