Ng'ombe wa Faini

Mwanangu, baba yako hashangazwi na kitu. Nimeona serikali zikiingia asubuhi na kutoka jioni, nimeona matajiri wakiomba chumvi kwa jirani. Mimi mwenyewe nilibeba magunia ya mchele bandarini Mutsamudu kwa mgongo huu huu, na leo nina malori matatu Moroni na nyumba ya ghorofa Ntsoudjini. Shule sikukaa, kuhesabu nilijifunza kwa magunia. Basi dada yako aliponipigia simu kwamba vijana wa mtaa wenu huko Tanga wanataka uwe mkubwa wao wa sungusungu, sikushangaa. Wameona wewe ni mtoto wa nani. Ila nilizima redio, maana alinirudisha mahali ambapo miaka hii narudi mara nyingi bila kuitwa.

Ipo asubuhi moja ambayo sijaisahau, milimani kwetu kisiwani Ndzuani, hapa Komoro, juu ya Mutsamudu. Uhuru ulikuwa bado mpya. Kiongozi wa nchi aliwapenda vijana akawapa madaraka. Wazee wa vijiji waliambiwa wakapumzike, na karamu za mila za kuchinja ng'ombe zikapigwa marufuku, kwa kuwa zilifilisi watu. Kila sehemu ilipata mudiria, yaani ofisi ya serikali pale pale karibu na wananchi. Mudiria yetu alipewa Saandi, mwalimu wa shule ambaye ndevu zake bado zilikuwa zinabishana kama ziote au zisiote. Mimi nilikuwa dereva wake. Gari lilikuwa Pejo bovu, na bila mimi lisingepanda kilima hata kimoja. Hilo hata maadui zangu wanalikubali.

Saandi alisoma vitabu, mimi nilisoma barabara, tukaelewana kama waliozaliwa mlango mmoja. Alikuwa akinipa nusu ya mkate wake kabla hajala yake. Sijapata tena rafiki wa namna hiyo, na nimetafuta, maana mtu mwenye malori hakosi marafiki.

Tatizo lilikuwa vanila. Wewe umekulia kwenye mkonge, hujui. Mkulima huchavusha maua yake moja moja kwa kijiti, halafu analea maganda miezi mingi, na yakikaribia kukomaa ndipo mwizi anakuja kuyakata mabichi. Polisi walikuwa wachache, na hao wachache walikuwa mjini. Vijana wa kijiji wakaunda ulinzi wao, na mkubwa wao alikuwa Daudu, mwashi, mtu wa mikono mizito na maneno mengi. Mwanzoni kila mtu aliwasifu. Kisha wakamkamata mchuuzi aliyetoka kisiwa cha Ngazidja kununua vanila kwa halali, wakamvunja mkono kabla hawajamuuliza jina.

Saandi alikosa raha. Ndani ya gari aliniambia, "Nikiwakataza, mashamba yatalindwa na nani? Nikiwaruhusu, kila mkono utakaovunjika nimeuvunja mimi."

Tukavuka bahari hadi Moroni, mji mkuu, kuomba polisi kumi. Tulingoja tangu asubuhi hadi adhuhuri nyuma ya msikiti wa bandarini, mwishowe tukapokewa na ofisa, kijana mdogo kuliko sisi, miguu juu ya meza. "Wananchi ndio polisi," alisema. "Rudi ukawape moyo."

Tulipotoka nje Saandi alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimeomba polisi kumi, ndugu yangu, nimepewa moyo."

Haikupita muda mrefu, ikafika asubuhi ninayokuambia. Tulisikia madebe yakipigwa kabla hatujaona watu. Kikaja kijiji kizima, na katikati Daudu anamsukuma Mdahoma, kibarua mmoja mwenye watoto wengi. Walikuwa wamempaka masizi usoni na kumvika shingoni mkufu wa vanila mbichi aliyokutwa nayo. Alikuwa ameiba kweli, sikufichi. Walitaka kumtembeza hivyo hadi Mutsamudu, mpaka bandarini, na sote tulijua kuwa kwa hasira zile asingefika bandarini akiwa hai.

"Mkuu, tembea mbele yetu," Daudu alisema. "Ukiwa mbele, ni sheria."

"Na nikibaki hapa?"

"Ni sisi tu basi. Na sisi hatuna breki."

"Hata Pejo lake halina," mtu mmoja akadakia, watu wakacheka. Nilitaka kumjibu, lakini niliona shati la Saandi limelowa mgongo mzima. Akiwazuia kwa maneno matupu, wangempita. Akitangulia, angekuwa muuaji mwenye muhuri.

Hapo ndipo akaja Bakoko Ishaka. Bakoko ni babu, na huyu alikuwa mzee aliyeongoza mabaraza ya kijiji mpaka siku Saandi alipoisoma ile amri uwanjani na kumpumzisha. Alipita kati ya madebe polepole, akaketi kwenye ngazi ya mudiria kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Mjukuu wangu," alimwambia Saandi, "umenipa likizo, kwa hiyo sisemi kama mzee wa kijiji. Nasema kama mtu anayepumzika. Zamani huyu tungemtoza ng'ombe. Asipotoa, hasalimiwi, na akifa hatumziki. Akitoa, kijiji kizima kinakula, na yeye anakula nasi sahani moja, na kesho yake nikimkuta njiani namwuliza habari za watoto. Wewe umetukataza ng'ombe. Sasa hawa vijana watamtoza nini? Mdahoma amebaki na ngozi yake tu."

Madebe yalinyamaza. Saandi alimtazama yule mzee kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la kwanza maishani. Kisha akashuka ngazi, akamvua Mdahoma ule mkufu.

"Ng'ombe mmoja," alisema. "Achinjwe hapa, mbele ya mudiria."

Daudu akakuna kichwa. "Mkuu, si ndiyo ile uliyoikataza?"

"Ndiyo ile."

"Moroni wakisikia?"

"Watasikia. Nyama inanukia mbali."

Mdahoma hakuwa hata na kuku. Saandi hakuwa na kitu, mishahara ilikuwa hadithi. Mwenye fedha pale nilikuwa mimi, niliyekuwa nikijiwekea kidogo kidogo tangu siku za magunia ninunue gari langu. Hakuna aliyeniomba. Bakoko alisema tu kwamba hata zamani ndugu walilipiana, akatazama pembeni kwa adabu. Nikaenda kununua ng'ombe.

Ningetoa lori moja nirudishiwe mchana ule. Moshi wa kuni, wanawake wakipepeta mchele, harufu ya maua ya milangilangi kutoka bondeni. Daudu, aliyempaka Mdahoma masizi, ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa. Mdahoma alinawa mikono, halafu uso, na maji yakatiririka meusi. Bakoko akamkatia nyama kwa mkono wake. Saandi alikula kidogo. Alikuwa anatutazama sote, akitabasamu kama mtu anayeaga.

Haikwisha wiki akaitwa Moroni, na milimani hakurudi tena. Nilimpeleka uwanja wa ndege mimi. Akaniambia, "Usiliuze Pejo." Nikamjibu kwamba si langu. "Basi vizuri zaidi," alisema, "usiliuze." Serikali ile ilipoanguka alikwenda Marseille. Wapo wanaosema anafundisha watoto wa Kikomoro, wengine wanasema yuko kwenye maghala. Nimetuma salamu kwa kila msafiri. Nikifika Mutsamudu napandisha mpaka ile nyumba ya mudiria, siku hizi ni duka la saruji, nanunua mfuko mmoja nisiouhitaji ili nisimame pale kidogo.

Wizi haukuisha, mwanangu, nisikudanganye. Ila mlimani kwetu hakuna aliyeuawa, na Mdahoma alizikwa na kijiji kizima, Daudu akiwa mbele ya jeneza.

Kwa hiyo nakuusia. Wakija tena hao vijana, usiwafukuze, kilio chao ni cha kweli. Lakini kabla hujawapa filimbi, waulize: mtu mliyemkamata atarudi vipi kuishi kati yetu? Wasipokuwa na jibu, kataa ukubwa huo, hata wakikuita mwoga. Wakiwa na jibu, na jibu hilo likakugharimu cheo, toa cheo. Na kamwe usitangulie mbele ya watu wanaopiga madebe, maana watakaokuwa nyuma yako hutawaona wanafanya nini.

Mwenyezi Mungu akulindie mlango wako, awajalie watoto wako majirani wanaoitikia salamu, akupe na wewe rafiki kama Saandi, na akuachie ukae naye zaidi kuliko nilivyokaa mimi.

Dada yako aliuliza kama nilijuta gari nililolikosa. Mwambie sikujuta. Ng'ombe, mchele, kuni na chumvi: faranga elfu thelathini na moja na mia nne.