Mtego Ule Ulikuwa Wangu

Walimpiga mume wangu kwa ajili ya mtego ambao hajui hata unavyofungwa. Niliutega mimi. Siku ile nilisema mpaka koo likakauka, na hakuna mwanamume aliyetaka kusikia.

Kanu, yule mnyama wa usiku anayefanana na paka, alikuwa amenimalizia kuku. Na si kwamba anawala: anang'ata shingo, anafyonza damu, anakuachia mizoga kwenye matope nyuma ya jiko. Mimi ni mzaliwa wa Kyimo, mtoto wa baba asiyejaliwa wa kiume, na kutega nilifundishwa kabla ya kusoma. Nikachukua waya wa breki wa baiskeli mbovu, nikafunga tanzi, nikainamisha mti mchanga kule migombani, nikaweka utumbo wa kuku. Asubuhi nikamkuta ananing'inia, bado anahema, amenikodolea macho. Nikammalizia kwa mchi. Mara mbili. Sikumwonea huruma na sijifanyi leo.

Ngozi ilikuwa nzuri, madoa meusi juu ya kijivu, mkia wa pete pete. Nikaichuna, nikaipaka majivu na chumvi, nikaiwamba kwenye ukuta wa jiko kwa vijiti. Kisha nikamdokezea mfanyabiashara mmoja wa Bulyaga kwamba ninayo. Hapo nilikosea. Keshokutwa wakaja askari wawili wa wanyamapori, mwenyekiti wa kitongoji akiwatangulia.

"Ya nani hii?"

Mume wangu ndiyo kwanza anatoka kuchuma chai, kikapu bado mgongoni. "Ngozi?" akasema. Tena kama vile anauliza.

Rungu la kwanza lilimpata begani. La pili mdomoni, jino likatoka na mate.

"Umetega bila leseni! Umeweka nyara ya serikali bila kibali! Makosa mawili, ukutani pako mwenyewe!"

Mimi nimefika kidato cha nne. Nyara niliijua kuwa ni kitu unachopora vitani. Haya, serikali ilimpora lini kanu yule, na katika vita gani? Alipokuwa ananyonya damu ya kuku wangu alikuwa wa nani? Mbona mwenyewe hakuja kumfunga?

"Ni mimi!" nikapiga kelele, mtoto analia mgongoni. "Mtego wangu! Mwachieni!"

Askari mnene akacheka. "Mama, mapenzi hayo peleka kanisani. Mwanamke hategi."

"Nyamaza, binti," mwenyekiti akasema. "Ndivyo mlivyo nyie, kubebeana dhambi."

Walikuwa wamemlaza kifudifudi. Askari wa pili, mwembamba, akamkanyaga vidole kwa buti, akawa anazungusha kisigino kama anayezima sigara. "Sema! Umetega mingapi?"

"Mmoja, afande," mume wangu akasema.

Nikajua ni maumivu yanayosema. Wakamfunga pingu. Nikaona kabisa anakwenda jela kwa kosa langu, ananiacha na mtoto anayenyonya.

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamtwika mwenyekiti. "Shika, tata," nikamwambia, kama tunavyowaita baba zetu. Nikauchomoa waya chini ya paa nilikouficha, nikauvuta mti mchanga ulio karibu na jiko, nikafunga, nikachomeka kijiti cha kufyatulia. Sikuangalia mtu.

"Haya, afande. Gusa kijiti."

"Nitege basi mimi," akasema yule mnene, bado anacheka, akapitisha mkono.

Ukafyatuka. Waya ukazama kwenye kifundo mpaka damu ikaruka, mti ukamvuta juu, akalia kama mbuzi anayechinjwa. Mwembamba akanizaba makofi mawili. Sikio la kushoto linavuma mpaka leo. Lakini waliamini. Pingu zikatoka mikononi mwa mume wangu zikaja kwangu, na nilimnyonyesha mwanangu mahabusu mikono ikiwa imefungwa, askari wa kike akinishikia kichwa cha mtoto. Mwishowe hakimu alinipa kifungo cha nje. Nikafagia uwanja wa zahanati mpaka muda ukaisha.

Jioni niliyotoka mahabusu nilidhani mume wangu atanipokea. Alikuwa amesimama mlangoni, mdomo umevimba.

"Umenivua nguo mbele ya kijiji kizima," akasema.

"Nimekutoa jela!"

"Nani alikutuma? Ningefungwa, ningefungwa kama mwanamume. Sasa wananiuliza kijiweni, leo mkeo amekuwindia nini."

"Kwa hiyo ulivyosema mmoja, hukusema kwa maumivu?"

Akanipiga. Nikamrudishia. Tukapigana sakafuni, tukaangusha kabati la vyombo, tukang'atana, mtoto akipiga mayowe, mpaka majirani wakatutenganisha. Akachukua blanketi akaenda kwa mama yake kule Ibighi.

Yuko huko mpaka sasa. Watu wakimuuliza alipigwa kwa nini, anawaambia alitega kanu.