Mikwaruzo ya Mchana

Kwa miaka mingi nilimgombeza mume wangu kwa ajili ya redio. Aliiweka mahali pasipo na kituo chochote, mshale umeshuka chini kabisa kwenye namba ndogo, akakaa kuisikiliza ikikwaruza. Hakuna habari, hakuna kasida, hakuna anayesema. Mchu gani huyu, nilikuwa nikiziuliza kuta za nyumba yetu kisiwani Koyama, anayeacha maneno na kusikiliza kelele?

Mimi nilikuwa na hakika kwamba mikwaruzo ile ni ugonjwa. Kisiwani chumvi hula kila kitu. Kwa hiyo mvua zilipoanza na kelele kuzidi, nilizitoa betri nikazianika juu ya bati, kando ya papa wangu wa kukausha, kama tulivyofanya sote kuzirudishia nguvu. Redio yenyewe niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mvua zilipoisha kelele nazo ziliisha, nami nikajisifu kwamba nimeiponya.

Mume wangu alikuwa baharia zamani, kwenye chombo cha mizigo, na huko ndiko alikojifunza. Alinieleza mara nyingi, nami nikimsikiliza kwa sikio moja. Kila radi inapopiga, redio huipata, na kadiri unavyoshuka kwenye masafa ya chini ndivyo inavyosikika kwa nguvu. Redio ya simu, ile inayopiga muziki safi kutoka Kismayo, haina habari nayo. Usiku sauti hiyo husafiri mbali mno, hata ukasikia radi za nchi usiyoijua. Jua likiwa juu, hufa njiani.

"Ya usiku ni ya wenyewe," alizoea kusema. "Ya mchana ni yetu."

Kisha binti yetu akashika mimba yake ya kwanza. Asubuhi moja mkunga alimpapasa tumbo akasema mtoto amelala mshazari; apelekwe hospitali ya Kismayo siku hiyohiyo, kabla uchungu haujaanza. Mkwe wangu akatia mafuta kwenye boti. Mbingu ilikuwa nyeupe, bahari imetulia. Tulimngoja mtu mmoja tu, naye alikuwa akizunguka uani.

"Mama watoto, betri zi wapi?"

"Juu ya bati. Leo nayo wataka kelele?"

Alizitia zikiwa moto, na redio ikaanza kukwaruza kwa fujo.

"Yua limezitia kiburi," nikasema.

Hakucheka. Aliigeuza redio polepole mikononi mpaka kelele ikafifia. Hilo pia alikuwa amenieleza: ubavu wa redio ukielekea kwenye radi, sauti hupungua. Ubavu mmoja ulielekea Kismayo, kaskazini, na wa pili Burgao, kusini. Mkwe wangu akapiga simu Burgao. Wakamjibu kwamba kwao jua kali, wanaanika samaki.

"Basi iko kwenye safari yetu," mume wangu akasema. "Mchu hapiti ndia yenye mocho wa radi. Tungoje."

Nilipandwa na hasira hadi utosini. "Hakuna hata wingu! Mwanangu akifa humu uani kwa sababu ya redio, sitakusamehe." Nilimwambia hayo mbele ya mkwe, jambo ambalo kwetu ni aibu. Aliigeuza tena ile redio, mara ya pili na ya tatu, ndipo nikajua kwamba anaogopa kama mimi. Uchungu ukianza tukiwa tumekaa, lawama yote ni yake.

Binti yetu alikaa mkekani, mkono tumboni. Kila aliposogea nilimuuliza kama uchungu umeanza.

"Bado, mama."

Kabla ya adhuhuri kaskazini kukawa kweusi. Upepo ulikuja kwanza, ukawabeba papa wangu wote. Kisha radi zikaanza kupiga baharini, moja baada ya nyingine, kwenye maji yaleyale ambayo boti letu lingekuwa limeyafikia. Boti la faiba, wazi, halina hata turubai. Kila mwanga ulipomulika redio ilikwaruza papo hapo, na ngurumo ikafuata nyuma. Nilijikuta nimemshika mume wangu mkono, na mkwe akageuza uso.

Mvua ilipopita sisi tulitaka kukimbilia boti, yeye akaendelea kusikiliza. Mikwaruzo ikawa mmojammoja, ikawa hafifu, ikakoma. Aligeuza redio kila upande, kimya.

"Haya," akasema. "Bismillahi."

Binti yangu alipasuliwa jioni ile Kismayo, akatoka mzima yeye na mtoto wa kike mwenye sauti kuliko mashine ya boti. Alhamdulillahi. Nimeshukuru kwa mengi katika maisha yangu, lakini sijui kama nimewahi kushukuru kwa dhati kama nilivyoshukuru kwa ule ubishi wa mzee wangu.

Sasa masikio yake yameondoka. Redio ni yangu. Betri siziweki tena juani wakati wa mvua. Zinakaa ndani yake, tayari. Kila asubuhi nashusha mshale chini, naigeuza kama alivyoigeuza, naye ananitazama uso ili ajue. Nikitikisa kichwa, anarudi kwenye kahawa yake.

Binti yetu anaishi Kismayo na mumewe. Kabla hajavuka na mtoto kuja kututazama, hupiga simu kwanza.

"Mama, redio yasemaje?"

"Haisemi kichu, mwanangu. Ndooni."