Siku Niliyomsindikiza Mama Mkwe kwa Nyuma

Nitawaambia, lakini asiyeweza kucheka kwa adabu atoke kwanza, kwa sababu mimi bado nina hasira. Siku ile nilibebwa tanganyika jeki, yaani kunyanyuliwa kwa mkanda wa suruali, mchana kweupe, kando ya Jogoo Road, nikaitwa mwizi wa vikongwe, suruali yangu ya kanisani ikapasuka, na yote hayo yakatendeka mbele ya mtu mmoja ambaye duniani kote ndiye asiyepaswa kuniona hata nikipiga mswaki. Mama mkwe wangu.

Kwanza mnielewe. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu mwanamume na mama mzaa mke wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na majina ndiyo usiseme, afadhali umeze msumari kuliko kumtaja mama mkwe kwa jina lake. Si uadui, ni heshima. Mkikutana njiani wewe unaingia kwenye mahindi, yeye anajifunika leso, kisha kila mtu anaendelea na safari yake akiwa ameridhika kwamba ameheshimiwa. Kule nyumbani mahindi yapo. Jogoo Road hakuna (yapo ya kuchoma, lakini hayo huwezi kujificha ndani yake).

Sasa mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akasema anakuja kumwona mjukuu. Mpango ulikuwa apokewe na shemeji yangu Barasa, ambaye ni mlinzi Industrial Area. Asubuhi ile Barasa akapiga simu kwamba mwenzake wa zamu hajatokea, hawezi kuacha geti, na mama ameshafika mjini, kondakta wa basi amempakia kwenye gari la Jogoo Road na kumwambia dereva amshushe Mbotela. Mimi hapo nilikuwa nimeshafunga kifuko changu niondoke, kwa sababu nyumba yetu ni chumba kimoja, na mama mkwe akilala humo mimi nalala kwa rafiki yangu Majengo, tulikokuwa tukiishi kabla ya kuhamia Mbotela juzi juzi.

"Sasa nani atampokea mama?" Nekesa akauliza, huku ananitazama.

"Usinitazame mimi."

"Magoti yanamsumbua, na hapa hajawahi kufika. Unataka apotee?"

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi wangu mdogo ambao ningejua ungezaa nini ningejifungia kwa choo. Nikasema Nekesa amwelekeze mama yake kwa simu, nami nitamfuata kwa mbali, kwa nyuma, asinione, nihakikishe hakuna mtu anayemgusa. Nekesa akasema ni wazo zuri. Naomba mkumbuke kwamba alisema ni wazo zuri, kwa sababu siku hizi anakana.

Basi nikafika stage mapema, nikasimama nyuma ya majaketi ya mitumba yaliyoning'inizwa, nikawa najifanya mteja. Gari likafika. Kondakta, watu wangu, akashuka kwanza, akamshika mama mkono, akamteremsha taratibu, akambebea gunia lake mpaka kando ya barabara na kumwambia, "Pole pole shosho, usiteleze." Hawa ndio makondakta ambao mimi hunishusha gari likiwa bado linatembea! Kabla sijamaliza kushangaa, mwanamke mmoja muuza mboga hapo stage, anaitwa Mama Shiru, akainuka kwenye kigoda chake mwenyewe akamkalisha mama, akampa maji, akampepea na kipande cha katoni. Mimi tangu tuhamie nimenunua sukuma wiki kwa huyo mama jioni baada ya jioni na hajawahi hata kuinua uso anitazame.

Haikuishia hapo. Akapita jamaa mmoja na mkokoteni mtupu, wanamwita Karis, akasikia mama anasema anaenda kwa binti yake aliyejifungua. Akasema, "Mathee, panda. Leo ni bure, unaenda kuona mtoi." Wakampandisha mkokotenini, wakamkalisha juu ya gunia lake, Mama Shiru akamwachia jirani kibanda, akachukua simu ya mama aelekezwe na Nekesa, na msafara ukaondoka. Mama mkwe akiwa ameketi kama chifu. Na akiwa ameangalia nyuma. Yaani kunielekea mimi!

Mngefanya nini? Nikaanza kazi ya kujificha. Mkokoteni ukienda, nafuata. Mama akiinua uso, mimi niko nyuma ya mti wa stima. Nikatoka hapo nikajibanza nyuma ya kibanda cha kinyozi, nikatoka nikaingia kwa muuza mkaa nikaulizia bei ya gunia bila kusikiliza jibu, nikatoka nikageukia ukuta nikajifanya nasoma tangazo la mganga. Nilikuwa najiona mwerevu sana. Kumbe Mama Shiru ameniona tangu kwenye majaketi, na macho ya mwanamke anayeuza kando ya barabara hayakosei mtu anayezungukazunguka.

Akasimamisha mkokoteni. "Karis, huyo mrefu wa shati la kijani anafuata shosho tangu stage."

Karis akageuka. "Wewe! Buda! Unafuata mathee wetu wa nini?"

Mathee wetu! Walikuwa wamemjua tangu lini? Nikajibu kwa heshima kwamba mimi si mtu mbaya, ni mkwe wake. Lakini watu walikuwa wameshaanza kusogea, wa kinyozi, wa mkaa (huyo akasema, "Hata kwangu aliingia akauliza bei na hakununua"), na nyinyi mnajua kwamba Jogoo Road mtu akishashukiwa hamalizi sentensi. Karis akanishika suruali kwa nyuma, kwenye mkanda, akanyanyua. Nikatembea kwa vidole vya miguu mpaka mbele ya mkokoteni.

"Mathee," akasema, "huyu unamjua?"

Na mama mkwe wangu, mwanamke mwenye adabu zake zote, akafanya kile ambacho mama yeyote wa kwetu angefanya akiletewa mkwe wake uso kwa uso. Akavuta leso akajifunika uso mzima, akanigeuzia mgongo.

"Oneni anavyomwogopa!" Mama Shiru akapiga kelele.

Mimi nami, kwa sababu nimelelewa vizuri, nikainamisha kichwa nikaangalia kando.

"Na oneni anavyoshindwa kumtazama!" akasema wa mkaa.

Nikawaambia ni mila. Nikawaambia sisi kwetu hatutazamani. Mama Shiru akaniuliza mila gani hiyo, kwao Murang'a mkwe akija anakaa na mama mkwe wanakunywa chai wanacheka, sasa mimi ni mkwe wa aina gani wa kuvizia mtu nyuma ya majaketi? Halafu akaniuliza swali ambalo likanimaliza.

"Kama ni mama mkwe wako, anaitwa nani?"

"Mama Nekesa."

"Hilo umesikia tukisema kwa simu. Jina lake. La kitambulisho."

Ndugu zangu, jina ninalijua. Nilikuwa nalo mdomoni. Watu wameshanizunguka, mmoja ameshaokota jiwe, na ninachotakiwa kufanya ili nipone ni kutamka neno moja tu, na neno hilo siwezi kulitamka mbele yake akiwa ameketi hapo anasikia. Nilifungua mdomo nikaufunga. Niliogopa, nasema ukweli, niliogopa nikafikiria mtoto wangu atakua akiambiwa baba yake aliuawa Mbotela kwa kumfuata bibi yake.

"Hajui!" Karis akasema, akaninyanyua tena kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo suruali ikaamua kwamba imetosha. Mshono wa nyuma ukaachia kutoka mkanda hadi chini, mlio wake ukasikika mpaka kwa kinyozi, na ndani nilikuwa nimevaa kile ambacho mtu huvaa siku ambayo hatarajii kuonwa na yeyote. Watu wakacheka. Hata mwenye jiwe alicheka, na sasa nikifikiria, labda hicho kicheko ndicho kilichoniokoa, lakini sitamshukuru mtu.

Simu ya mama ikalia mkononi mwa Mama Shiru. Ni Nekesa anauliza mbona hawafiki.

"Kuna mwanamume tumemshika hapa, alikuwa anamvizia mama yako."

"Mrefu? Shati la kijani?"

"Huyo huyo."

"Uwii! Mwachilieni! Ni bwanangu!"

Karis akaniachilia pole pole, akanipangusa bega ambalo halikuwa hata na vumbi. "Pole buda. Si ungesema tu?"

Si ningesema tu! Nilisema! Nilisema mpaka sauti ikakauka! Akavua koti lake la kazi, lenye harufu ya vitunguu na mafuta ya gari, akanifunga kiunoni kwa nyuma, na msafara ukaendelea mimi nikiwa kando kando kama ng'ombe aliyepotea akapatikana. Wote wakanifuata mpaka kwangu. Kwangu!

Na sikilizeni kilichofuata. Nyumbani mama mkwe akaingia, mila ikanibakiza mimi nje, nikaketi kwenye ngazi na koti la mtu kiunoni. Mama Shiru na Karis wakakaribishwa ndani. Nekesa akamchinja jogoo tuliyekuwa tumemweka kwa ajili ya mgeni, akapika, nikasikia vijiko, nikasikia vicheko, nikasikia Karis akisifiwa kwa roho nzuri, akiambiwa Mungu amzidishie nguvu kwenye hiyo mikono. Hiyo mikono!

Mlango ukafunguka. Mama Shiru akatoka na sahani, akanipa bila kunitazama sana (aibu ilikuwa imemwingia, na ikae humo). Juu ya ugali palikuwa na firigisi, ile ambayo kwetu hailiwi na mtu mwingine ila mwenye nyumba.

"Mama mkwe wako mwenyewe ndiye ameitoa kwenye sufuria," akasema. "Na anasema asante kwa kumsindikiza."

"Kwa hiyo alijua ni mimi?"

"Tangu kwa majaketi. Anasema ulivyo mrefu, ulidhani utajificha wapi?"

"Basi mbona hakusema?" Nilipiga kelele, na najua nilipiga kelele kwa sababu mtoto aliamka.

Sauti ya mama mkwe ikatoka ndani, hakunisemesha mimi, alimsemesha mjukuu aliyekuwa analia. "Nyamaza, baba. Mwambie baba yako bibi angemtajaje mkwe wake mbele ya umati? Na mwambie jina langu hakulitaja, nilisikia. Hata alipooneshwa jiwe hakulitaja."

Nilikaa na ile sahani. Nilikuwa na hasira za kutosha kuirudisha, niwaambie wampe Karis na firigisi pia. Lakini niliila, pole pole, na macho yakanilowa, na msiniulize kwa nini.

Ila hasira haijaisha. Mama Shiru siku hizi ananiita "mkwe" kutoka ng'ambo ya barabara, stage nzima inageuka. Na mama mkwe anarudi Bungoma mwisho wa wiki, Barasa ameshasema atakuwa zamu. Nimeapa: nitamsindikiza, lakini safari hii nitatangulia mimi mbele, yeye anifuate. Wakitaka kumshika mtu anayemvizia mwenzake, wamshike yeye.