Roboti Zilizolala Ubavu

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Kama ningetaka kutunga uongo, ningetunga hadithi ambamo mimi ndiye shujaa, na humu nilikuwa mwoga tangu mwanzo. Bado ni mwoga.

Mimi ni fundi wa meno bandia hapa mjini Migori. Nina chumba kimoja cha kazi, na ukutani kuna rafu mbili. Mgonjwa akiingia hutarajia kuona meno kwenye rafu hizo, lakini anachoona ni roboti. Ni zile za katuni za Kijapani, za anime, urefu wa shubiri moja na nusu, zenye viungo kila mahali: shingo, bega, kiwiko, goti, mpaka vidole. Unaikunja unavyopenda na inabaki vivyo hivyo, imepiga goti au imeinua upanga. Watu hunicheka. Mkurya mzima mwenye ndevu, wanasema, na bado anacheza na wanasesere. Mimi sijali. Ukiweza kuisimamisha moja kwa mguu mmoja bila kuanguka, utakuwa umenielewa.

Siku moja kwenye kikundi chetu cha simu, sisi wakusanyaji, pakatokea tangazo kutoka Mbita: roboti kumi na moja, zote pamoja. Nilipopiga simu ilipokelewa na mama mtu mzima. Jumapili nikaenda.

Nyumba yake iko juu kidogo ya pale wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nitamwita Mama Ochieng'. Alinikaribisha sebuleni, na hapo mezani nikaziona. Zote kumi na moja zilikuwa zimelala ubavu kwa namna moja: mkono wa kulia umepita juu ya kichwa, mguu wa kushoto umekunjwa chini ya mwili, na uso umegeukia ukuta. Nikanyoosha mkono niisimamishe mojawapo.

"Unaweza kuisimamisha," akasema. "Itarudi tu."

Ndipo akanieleza. Ochieng' alikuwa mwanawe wa mwisho. Alikwenda Osiri kuchimba dhahabu, mvua ikanyesha, shimo likaporomoka. Wenzake watatu walitolewa wakiwa hai. Yeye hawakumfikia, na kwa kuwa udongo ulikuwa bado unashuka, wakaacha. Nyumbani walizika tunda la yago, lile refu zito ambalo Wajaluo hulizika badala ya mtu asiyepatikana mwili. Wazee wakasema imetosha.

"Lakini tangu tuzike yago, hizi vitu zake zinalala tu," akasema. "Asubuhi nasimamisha, jioni zimelala. Mwanangu, mimi nimechoka kuziangalia. Beba."

Mtu mwenye akili timamu angekataa, sivyo? Lakini kati ya zile kulikuwa na moja ya kijivu yenye mabawa ya kukunjwa, ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka minne. Nikajiambia kwamba viungo vimelegea kwa joto la ziwani. Nikazibeba.

Nilipofika kazini nilipaka kila kiungo utando mwembamba wa ile plastiki ya waridi tunayotengenezea ufizi. Vikakazika sawasawa. Nikazipanga kwenye rafu pamoja na nane zangu, na zikasimama siku tatu.

Haikuwa usiku, niamini. Ilikuwa Jumatano, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha. Nilikuwa nimeinama nikisugua meno bandia ya mzee mmoja wa Masara, nikahisi mwanga wa mlangoni umepungua. Kijana alikuwa amesimama pale. Fulana ya njano, gambuti kwenye mguu wa kushoto, mguu wa kulia mtupu. Udongo mwekundu ulikuwa umemkaukia mwilini hadi shingoni, umepasuka nyufa nyufa. Nje mvua ilikuwa inamwagika, na yeye alikuwa mkavu.

"Habari, fundi."

"Nzuri. Ni jino?"

"Ni bega."

Akaifikia rafu, akachukua ile ya kijivu. Vile viungo nilivyovikaza mimi mwenyewe akavikunja kama unga uliokandwa. Kila alipokunja kimoja nilisikia mlio, kah, na mlio huo haukutoka kwenye plastiki. Ulitoka mwilini mwake. Kisha akailaza mezani mbele yangu, mkono juu ya kichwa, mguu chini.

"Niko hivi," akasema. "Walichimba kulia. Waambie kushoto, si mbali. Tafadhali, fundi. Mkono umechoka."

Niliitazama roboti. Nilipoinua macho hapakuwa na mtu. Kwenye rafu zilikuwa zimelala zote, za Ochieng' na zangu.

Je, nilikwenda kuwaambia? Sikwenda. Kwa wiki mbili nzima sikwenda. Nilijiuliza: nikisema, watu watashuka kwenye shimo lililokwisha kuua, na likiporomoka tena, damu yao itakuwa juu ya nani? Na mama wa watu ameshalia, amenyamaza, leo nimfungue kidonda? Hivyo ndivyo nilivyojitetea. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kisha asubuhi moja niliamka mkono wangu wa kulia uko juu ya kichwa, umekakamaa, na haukushuka mpaka jua lilipopanda. Siku hiyo hiyo nikaenda Mbita.

Nilimweleza Mama Ochieng' yote. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alikuwa na viatu?"

"Kimoja, Mama. Gambuti ya kushoto."

Akaketi polepole. "Ile ya kulia waliileta. Tulizika pamoja na yago. Huyo si mtu aliyekuja kukudanganya, ni mwanangu."

Shemeji wa Mama Ochieng' alikwenda Osiri, na mimi nikamfuata. Wale wenzake Ochieng' watatu waliookolewa ndio walioshuka. Hakuna aliyewalazimisha. Walikwenda wakiweka magogo ya kuzuia udongo hatua kwa hatua, na siku ya nne wakamkuta, upande wa kushoto, karibu kabisa na mahali walipotolewa wao. Nilikuwepo. Alikuwa amelala vile vile. Mmoja wao alitoka, akakaa chini. Halafu akasema, "Ule mkono. Alikuwa anagonga, tumsikie."

Tulimzika Mbita kando ya yago. Mama yake alinishika mkono akaniambia, "Ero kamano, nyathina," asante, mwanangu, na nikalia kama aliyefiwa. Roboti zilisimama. Miezi mingi zilisimama, nikaamini yameisha.

Sasa zinajikunja tena. Si kwa namna ya Ochieng'. Moja imeketi, kichwa kimezama katikati ya magoti. Mbili zimekumbatiana na siwezi kuzibandua. Moja imeweka viganja kinywani. Kila moja ina lake, nami simjui hata mmoja wa wafu waliokaa hivyo, wala sijui wako shimo gani, wala nani anawatafuta.

Mama Ochieng' hunipigia kila Jumapili kuuliza kama mwanawe amerudi. Namwambia hapana, na ni kweli, yeye amepumzika. Lakini Jumanne iliyopita mwanga wa mlangoni ulipungua tena. Sikuinua kichwa. Niliendelea kusugua meno ambayo yalikuwa yameshakamilika, na nikasikia viungo vikilia, si vya mtu mmoja.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenunua vitu vya watu usiowajua: akikujia mtu ambaye mvua haimloweshi, fikiri vizuri kabla ya kuupokea ujumbe wake. Sisemi usimsaidie. Ochieng' ningemsaidia tena. Nasema tu kwamba wafu huko waliko wanaambiana, na sasa wanajua ninapofanyia kazi.